Uji wa Jumatano

Stumai Chande, jirani yangu hapa Mjimwema, ni mtu wa kusumbua ofisi. Alizaliwa Namtumbo kwenye nyumba ya mkulima wa tumbaku, na hadi leo husimulia jinsi mdogo wake alivyokonda hadi akafia mgongoni mwa mama yao, mwaka uleule tumbaku ilipouzwa vizuri. Labda ndiyo maana akawa mhudumu wa afya wa mtaa, kazi ya kuzunguka na utepe wa kupimia mikono ya watoto. Utepe ukionyesha kijani, mtoto yuko salama. Njano, anahitaji chakula cha nyongeza. Nyekundu, hospitali haraka.

Kwa miaka mitatu serikali ilitupa unga wa lishe. Kila Jumatano akina mama walikutana zahanati, wakapika uji wa mahindi, soya na karanga, watoto wakanywa. Mradi ulikuwa unakwisha Juni. Stumai akaandika barua, akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa mtendaji wa kata, akapanda bodaboda kwenda mjini mara nyingi mpaka mlinzi wa getini akawa anamwita shangazi. Alikuwa anaomba kitu kimoja tu, uji uendelee. Mwisho wakamjibu kwamba watakuja wageni wa tathmini waone wenyewe, ndipo waamue.

Alifurahi kupita kiasi. Akapita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba watoto waje wameoga, wamevaa vizuri, tusitie aibu mbele za watu. Nilimsikia kwa masikio yangu na sikuona kosa. Sisi tuna ugonjwa huo: mgeni akija, kiti kizuri kinatoka chumbani na kilichovunjika kinaingia.

Asubuhi ya siku ya wageni Bibi Aurelia alibisha kwangu na mjukuu wake Osmund, anayemlea kwa kuwa mama wa mtoto anafanya vibarua kwenye mashamba huko Namtumbo. Osmund ana miaka miwili na bado anatembea kwa kushikilia ukuta. Bibi aliniomba nikae naye hadi wageni waondoke. Aliona haya: uji siku zote hizo na mtoto bado mwembamba, si watasema bibi ndiye anayeunywa? Nilimwambia amefikiri vyema. Nikamkalisha mtoto kwenye mkeka, nikampa kipande cha kiazi, akakishika tu.

Zahanati kulipendeza, walivyonisimulia jioni. Magauni ya Krismasi, kanzu ndogo za Idi, na mapacha wa jirani yetu Lightness wenye mashavu yao wamewekwa mstari wa mbele. Wageni wakala wali kwa kuku, wakapima watoto waliokuwepo, karibu wote kijani. Mgeni mmoja akasema mkoa wenye mahindi mengi hivi hauwezi kuwa na njaa. Mahindi tunayo, bwana, lakini mtoto hakui kwa ugali na majani mwaka mzima. Nani angemwambia, wakati wenzangu walikuwa wanapiga makofi? Stumai aliona watoto kama tisa hawapo, akadhani wamechelewa. Alipoanza kuelewa kwamba wamefichwa, magari yalikuwa yameshaondoka.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Malengo yamefikiwa, mradi hautaendelea, hongereni.

Kesho yake Stumai alimfunga Osmund mgongoni kwa kitenge, mimi na Bibi Aurelia tukamfuata hadi ile ofisi ya mjini. Afisa aliyetupokea, Christopher, ni kijana mpole aliyehamia huku kutoka mkoa mwingine. Alimwamkia bibi shikamoo, akapima mkono wa mtoto mwenyewe. Njano, tena ile ya mwisho mwisho inayogusa nyekundu. Akapima mara ya pili. Nilimwomba Mungu kijana huyo akasirike, apige meza, apigie simu mtu. Hakukasirika.

"Mama, nakuamini," alimwambia Stumai. "Lakini siku ya tathmini mtoto huyu hakuwepo. Unga umeshapangiwa wilaya nyingine, na huko nako wapo kama yeye. Sasa nimnyang'anye nani?"

Stumai aliuliza kama hospitali wanaweza kumchukua. Christopher alitazama chini.

"Hospitali wanapokea nyekundu," alisema. "Akifika nyekundu, mleteni mara moja."

Tulishuka ngazi. Nje, Bibi Aurelia akauliza kama maana yake ni kwamba tungoje azidi kukonda. Stumai alirekebisha kitenge. Kisha akakiri kwamba kosa ni lake, kwamba yeye ndiye aliyewaambia watu wapendezeshe watoto.

Bibi hakumlaumu. Ingekuwa afadhali angemlaumu.

"Ungeniambia wanataka kuona shida yangu, mwanangu, ningewaletea," alisema. "Mimi nilidhani wanataka kuona shukrani."

Stumai akaanza kulia palepale kando ya barabara, mchana kweupe, watu wakipita. Mtoto mgongoni aliamka, akatutazama mmoja mmoja, akalala tena. Mimi ndiye niliyemficha ndani nikasifu akili ya bibi yake, na sasa nilisimama nikiushika mguu wa mtoto, na vidole vyangu viliuzunguka wote vikabaki na nafasi.