Mabegi Mawili ya Turubai la Kijani

Mabegi yale niliyashona mimi. Turubai la kijani, mikanda ya mabegani niliyoijaza sponji, na mshono wa uzi wa rangi ya chungwa kwa sababu mweusi uliniishia. Mdogo wangu na mumewe, ndoa bado mbichi, walikuwa wanakwenda kuzunguka nchi za watu. Ratiba hawana. "Tutakapochoka ndipo tutalala, shemeji," mumewe akaniambia, meno yote nje. Nikacheka nao. Kumbe nachekwa.

Tulikuwa tumepatana, na Mama akisikia palepale kitandani kwake. Miguu ya Mama haimbebi tena; kuoga, kugeuzwa, kupelekwa msalani, vyote vinataka mikono ya mtu, na mikono hiyo ni yangu tangu baba afariki. Makubaliano yalikuwa mepesi: watangulie wao, watembee mpaka roho zao ziridhike, wakirudi wamchukue Mama kwao, na mimi niolewe. Mchumba wangu ni fundi umeme, majirani humwita Mlingoti kwa urefu wake. Alishahamishiwa kazi mji mwingine. Alikubali kunisubiri, ila kila akipiga simu huanza na, "Wasafiri wanasemaje?"

Wasafiri walisema mengi. Mara wako mlimani, mara wamekosa treni wakapata lori, mara wamelala kituoni wakicheka. Nikimuuliza mdogo wangu watarudi lini, hujibu, "Tukifika mji wa mbele tutajua, dada." Mji wa mbele ukawa haufikiki. Mimi huyo, nashona sare za shule huku sikio moja liko chumbani kwa Mama, nikijipa moyo kwamba vijana ni vijana.

Halafu Jumapili moja akapiga simu ya video. Nilikuwa namsuka Mama nywele. Nikaegemeza simu kwenye mto ili tuongee wote. Mdogo wangu akawa anatembea nayo, anapiga soga, na nyuma yake nikaona kidirisha, na kwenye kidirisha pazia la kijani lenye mshono wa chungwa.

Mtu aliye safarini hakati begi lake akatundika pazia.

"Hilo pazia umelitoa wapi?" nikamuuliza.

Akageuza simu haraka, ikatazama dari. "La mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba wako anashonea uzi wangu?"

Simu ikakatika. Ndipo Mama akanishika mkono.

"Mwache mwenzio," akasema. "Mumewe amepata kazi huko, na chumba wanacho. Mimi ndiye niliyewaambia wasirudi. Tangu siku ile ya kuagana."

Kitana kilibaki kwenye nywele zake. Mdogo wangu ningemsamehe, yule tangu utotoni ni bingwa wa kukwepa kuosha vyombo. Lakini Mama. Kila nilipouliza watarudi lini, alikuwa palepale, anasikia, anapokea bilauri ya maji kutoka mkononi mwangu, ananyamaza. Mama yangu mzazi alinizunguka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekasirika bure. Na wewe si upo, mwanangu? Hujawahi kunishinda."

Alisema kama ananisifu. Nikamaliza kumsuka, sikumvuta hata unywele mmoja, japo mikono ilitaka. Nikaenda uani nikalia, nikanawa uso, nikampigia Mlingoti. Sikumficha kitu. Akauliza, "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nakuja."

Jioni ile nikatoa kipande cha turubai kilichobaki chini ya kabati, nikakitandaza mezani, nikakata. Mama akasikia cherehani.

"Unashona nini saa hizi?"

"Begi."

"La nani?"

"Langu. Nimeshamtumia mwanao ujumbe aje akuchukue. Mwisho wa mwezi naondoka."

Nikaendelea kukanyaga cherehani. Nilisikia kitanda kikilia, anajaribu kugeuka mwenyewe.

"Sasa mimi unaniacha na nani?"

Mdogo wangu alipokuwa anafunga begi lake katika chumba kilekile cha kushonea, nilikuwepo, nikimshikia zipu. Swali hilo yeye hakuulizwa.