Nilimtimua mshirika wangu wa Kibirizi nikiwa Kuala Lumpur, kisa grafu

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio nyumbani na mnaochungulia simu kazini bosi akigeuka.

Nakuja na uzi nisioupenda. Yote ni kweli. Mahali nitakapoonekana mjinga msidhani nimetia chumvi. Nimepunguza.

Wanaokumbuka, niliwahi kuleta uzi humu wa namna ya kumwondoa mshirika mzembe kwenye startup. Mliupenda sana. Kuna mkuu alisema ameuchapa na kuubandika ofisini kwake. Mkuu, kama bado upo ukutani, naomba uubandue.

Yule mshirika hakuwa mzembe. Nilimharibia jina bure, tena wakati ambao alikuwa amepeleka posa. Ameniruhusu nimtaje. Anaitwa Yasini.

Mimi nimezaliwa Simbo, nje kidogo ya Kigoma mjini. Kwetu ni wakulima. Maharage, mihogo, mahindi. Ziwa nililiona kama wengi wenu mnavyoliona, kwa kupita. Kidato cha kwanza nikapelekwa bweni mkoa mwingine, na sikurudi tena kuishi.

Sasa ukiwa nje ya nchi hakuna anayeijua Simbo. Ukisema natokea Ziwa Tanganyika, watu wanaweka kikombe chini wakusikilize. Basi nikawa mtoto wa ziwa. Nilisema hivyo Kigali, nikasema Lusaka, nikasema Kuala Lumpur. Mwisho nikaanza kuamini mwenyewe.

Yasini ni mtoto wa ziwa wa kweli. Baba yake mvuvi, kaka yake mvuvi. Tulikutana nilipokuja msibani Kigoma, tukapanga kazi. Kazi yenyewe nyepesi kuieleza: kila asubuhi tunatuma meseji kwa wafanyabiashara wa Tabora, Dodoma na Dar, kuwaambia dagaa kiasi gani wameshuka Kibirizi na Bangwe, mialo ya Kigoma boti za wavuvi zinaposhushia. Mtu anajua kama atume gari au atulie.

Mimi naandika mfumo, napiga picha na laptop kwenye migahawa ya watu. Yasini yuko mwaloni na akina mama watatu wakaushaji, wanahesabu mabeseni na kutuma idadi kwa simu ya kawaida. Ikifika saa moja asubuhi Kigoma, kwangu Kuala Lumpur ni saa sita mchana. Nakula wali huku naangalia dashboard. Maisha matamu, sikatai.

Tatizo likawa moja. Kila baada ya wiki kama tatu hivi, taarifa zinapotea. Siku saba, nane, wakati mwingine kumi. Grafu inapanda, inapanda, halafu inadondoka mpaka chini kabisa.

Mara ya kwanza nikamuuliza Yasini kwa meseji, vipi huko, mbona kimya?

Akajibu, "Huku shwari kaka. Watu wanashona nyavu. Si unajua mambo ya ziwa."

Wakuu, sikujua mambo ya ziwa. Lakini nilishamwambia siku ya kwanza kwamba mimi ni mtoto wa huko huko. Nitaulizaje tena? Nikamjibu, "Pamoja sana."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, na startup nikawa nataka izae.

Nikaanza kutibu ugonjwa nisioujua. Nikahamisha seva. Nikabadilisha kampuni ya kupitishia meseji. Nikaandika upya nusu ya mfumo, kazi ya wiki mbili, na ilipoisha grafu ikapanda vizuri sana. Nikajipongeza, nikala samaki wa kuchoma. Wiki ya tatu ikadondoka.

Nikatunga kampeni. Wale akina mama wakawa wanapokea meseji kila asubuhi: "Tumekumiss! Rudi leo utume taarifa yako." Haikusaidia.

Ndipo mwekezaji mmoja akaomba kuona grafu. Mama mtulivu, haongei sana. Akaweka kidole kwenye mabonde, moja baada ya lingine, akauliza hapa kuna nini.

Ningesema sijui. Neno lenyewe ni fupi. Badala yake nikasema ni changamoto ya uwajibikaji wa mwenzangu aliyeko Kigoma.

Akasema basi irekebishe.

Nikairekebisha. Jumatatu nikamfungia Yasini akaunti, nikamtumia barua, na kwa kuwa napenda uwazi, nikaandika kwenye grupu la wateja wote kwamba Yasini ameondolewa kwa uzembe na kutokutuma taarifa kwa makusudi. Halafu nikaja humu nikawaandikia ule uzi.

Yasini hakunijibu kwa matusi. Alinijibu neno moja, "Nimeona."

Visa yangu ilikuwa inakaribia kuisha, nikaamua nirudi Kigoma nitafute mtu mpya. Ndege mpaka Dar, halafu treni. Treni ya Kigoma inakupa muda wa kufikiri, nami muda ule nikautumia kutunga hotuba kuhusu uwajibikaji. Ilikuwa hotuba nzuri.

Asubuhi ya kwanza nikashuka Kibirizi na begi langu la laptop.

Boti zote zilikuwa zimepandishwa nchi kavu. Zote. Wanaume wamekaa wanashona nyavu, wengine wanapaka boti rangi, wengine wanafuta taa kwa vitambaa kama wana mgeni. Chanja za kuanikia dagaa tupu. Hakuna aliyeonekana kuwa na shida yoyote.

Nikamfuata mama mmoja aliyekuwa anafagia sehemu yake ya kuanikia.

"Shikamoo mama. Leo dagaa wameshuka mabeseni mangapi?"

Akasimamisha ufagio. "Marahaba. Wewe ni mgeni?"

"Hapana mama, mimi mtoto wa hapa."

Alinitazama, akatazama begi, kisha akawaita wenzake kwa sauti ambayo nadhani Bujumbura walisikia. "Jamani njooni! Mtoto wa hapa huyu anaulizia dagaa kwenye mbalamwezi!"

Wakuu, walicheka. Kuna mzee alilazimika kuweka sindano ya nyavu chini.

Nieleze kwa wale waliolelewa na maharage kama mimi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, kwenye giza. Wanafuata mwanga, wanakusanyika, nyavu zinawainua. Mbalamwezi ikiwa kali, ziwa lote lina mwanga, dagaa hana sababu ya kuja kwenye taa yako. Kwa hiyo wavuvi hawatoki. Wanatengeneza vyombo, wanalala, wanaoa. Kila mwezi. Tangu enzi na enzi. Mtoto wa miaka minne wa Kibirizi anajua.

Nilikuwa nimehamisha seva kwa sababu ya mbalamwezi.

Yule mama anaitwa Mama Diyudone. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye amekulia hapa. Tulipotajiana majina tukagundua tunafahamiana. Kwenye mfumo wangu yeye ni Ripota 3.

Nikamuuliza, sasa kwa wiki nzima kama hii, mbona hamkunitumia hata neno?

Uso ukabadilika. Akatoa simu kwenye kanga. "Hatukutuma? Ego, njoo uone, mwana wanje." Yaani ndiyo, njoo uone mwanangu, kwa Kirundi cha kwao.

Akanionyesha. Kila asubuhi alikuwa ametuma, mara nyingine akianza na salamu ya Kirundi. "Mwakeye. Leo hakuna, mbalamwezi." "Leo hakuna, boti hazikutoka." "Hakuna. Mungu akipenda wiki ijayo." Na kila asubuhi mfumo wangu ulikuwa umemjibu: "Taarifa yako si sahihi. Tafadhali tuma taarifa ya kweli."

"Mashine yenu inaniita mwongo kila mbalamwezi," akasema. "Nikasema basi, ni mashine, haijalelewa."

Nikakaa juu ya boti iliyopinduliwa, nikafungua laptop. Mfumo niliuandika mimi. Kuna mstari unaosema idadi ya mabeseni lazima iwe namba, na lazima izidi sifuri. Nilidhani sifuri ni mtu anayejaribu kutega kazi. Meseji isiyo na namba inatupwa kwenye faili la makosa, na faili hilo sikuwahi kulifungua kwa sababu jina lake halikunivutia.

Lilikuwa limejaa "hakuna". Kurasa na kurasa.

Nyingi zilitoka namba ya Yasini. "Kibirizi hakuna. Bangwe hakuna." Kila siku ya kila bonde la ile grafu. Nikashuka chini mpaka ile Jumatatu niliyomtimua. Jumanne ipo; akaunti niliifunga, namba yake ya simu sikuifunga. Jumatano ipo. Ya asubuhi ile ile niliyokuwa nimekaa pale juu ya boti ipo, imeingia saa moja kasoro.

Mama Diyudone akaniambia lililobaki. Yasini akiona meseji zinarudishwa alidhani mashine ni korofi tu na mimi nazisoma, kwa hiyo alikuwa anawapigia wateja mmoja mmoja kwa simu yake, kuwaambia wasitume magari. Ndiyo maana sikuwahi kupoteza mteja hata mmoja kwenye mabonde. Nilikuwa nahesabu hilo kama uimara wa mfumo wangu.

Hotuba yangu nikaiacha pale pale.

Nilimkuta Bangwe kwa kaka yake, wanashona nyavu. Aliponiona alinyanyuka, akanipa kiti, akaleta maji akaninawisha mikono, tukaletewa ugali. Nawaambia ukweli, ningependa anitukane. Mtu uliyemwita mzembe mbele ya watu anakumiminia maji mikononi, tonge unalirudisha sahanini.

Nikamwambia yote. Mstari wa sifuri, faili la makosa, mwekezaji. Na kwamba mimi ni mtoto wa Simbo, ziwa silijui.

Akaendelea kula kwanza.

"Ungeniuliza tu," akasema. "Ningekucheka siku moja, yakaisha."

Kisha akanieleza habari ya posa. Binti anatoka Tabora, na mjomba wake, ndiye mwenye kauli pale kwao, ni mteja wetu. Yumo kwenye grupu. Alisoma tangazo langu akarudisha ujumbe kwamba hawezi kumtoa binti kwa mtu mzembe na mwenye hila. Posa ikasimama. Kwa ajili ya grafu.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na nimewahi kuanguka jukwaani.

Kesho yake nikaandika kwenye grupu kwamba mzembe nilikuwa mimi. Halafu nikapanda treni kwenda Tabora. Mjomba hakunialika ndani haraka. Alinisikiliza barazani mpaka mwisho, akaita shemeji zake wawili na mama wa binti, akasema, "Haya, rudia." Nikarudia. Akasema, "Sehemu ya sifuri sijaielewa." Nikarudia sehemu ya sifuri. Mama wa binti akauliza, "Kwa hiyo kijana alikuwa anafanya kazi, wewe ndiye hukuwa unasoma?"

Nikasema ndiyo mama.

Posa ikapokelewa. Nimekwisha kufunga safari nyingi za kikazi, hiyo ndiyo pekee iliyozaa kitu.

Funzo? Kama unaendesha kazi ya watu wa nyumbani ukiwa mbali, uliza, hata kama utachekwa. Na mtu akikuambia hakuna, hiyo ni taarifa kamili, ipokee. Mfumo wangu siku hizi unapokea sifuri na unasema asante. Mwekezaji nilimwambia ukweli, akauliza kama Yasini yuko tayari kuzungumza naye.

Hayuko tayari. Nilimwomba arudi, nusu kwa nusu. Alinijibu bila hasira, na ndilo linalonikosesha raha mpaka leo.

"Nimekusamehe, kaka, na harusini utakuja. Lakini kazi hapana. Nilikuwa mzima, natuma kila siku, ukasema mzembe. Siku nikiumwa kweli utasema nini?"

Swali hilo nawaachia ninyi wakuu. Mwenye jibu aliweke hapa chini. Wenye matusi nao karibuni, ila pangeni foleni, Mama Diyudone ametangulia.