Pole ya Kamba

Fundi wa nguo wa pale Kaloleni haongei akiwa na pini mdomoni, na tangu daktari alipomzibua mirija ya uzazi, pini hazimtoki mdomoni. Ameambiwa asubiri mwezi uishe, aone kama damu itakuja. Basi anasubiri, huku akikata suruali za bugaluu za vijana, zile pana miguuni, na cherehani anakizungusha kwa mkono kwa sababu kukanyaga pedali hataki tena, asije akalitikisa tumbo. Mkono wa kushoto ukishuka tumboni, huushtukia akaurudisha kwenye kitambaa. Kinachompandisha mori si kusubiri, ni majirani. Kamba ya nguo huko uani ni ya wote, na vile vitambaa vya mwezi, hata ukivifunika kwa leso, wanawake watavichungulia tu. Mwezi uliopita walimpa pole kabla yeye hajamwambia mumewe.

Jana alivitoa kabatini vikiwa safi, akavilowesha, akavianika vyote waziwazi. Havijaanza hata kukauka, Mama Muhiba wa mlango wa pili akawa amefika kibarazani, uso ameshauvisha msiba.

"Pole, mwenzangu. Mungu yupo."

Fundi alizitoa pini mdomoni moja moja, bila haraka, akazichomeka kwenye kola.

"Mwezi wangu bado, Mama Muhiba. Vile nimevitia maji tu, nione nani atakuja mbio. Sasa hiyo pole yako, kaipe kamba."

Akazirudisha pini mdomoni, akashika gurudumu.