Ukoka Uliogoma Kutambaa

Fundi alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari aliyeuweza: kutaka kujua. Ukimpelekea suruali apunguze kiuno, atakuuliza kwa nini mfuko wa kulia umechakaa kuliko wa kushoto, na hutoki pale mpaka umemjibu. Wateja walishamzoea. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva hata baada ya kustaafu mabasi, alikuwa akiwaambia wageni kwamba yeye ameoa kituo cha polisi.

Kisha Dereva akapata kiharusi. Ulimi ulirudi upesi, na utani wake pamoja nao, ila mguu wa kulia ukabaki mzito. Akitembea, ncha ya kiatu inaburuza chini. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali hakumung'unya maneno: mguu usipotembezwa kila siku utakakamaa, na ukishakakamaa hakuna wa kuulegeza. Basi Dereva akawa anazunguka uani nyuma ya nyumba, asubuhi na jioni, fimbo mkono mmoja na ukuta mkono wa pili.

Sasa zile nyasi za uani zilikuwa laini, za kuangaliwa tu, na mguu ule haukuja kuziangalia. Zikakatika. Udongo ukabaki mtupu, mvua ikanyesha, na siku moja Dereva akateleza akaenda chini kifudifudi. Hakuvunjika kitu, lakini tangu hapo akahamia kwenye kiti cha dirishani, na ukimwambia twende uani anakujibu kwamba leo kichwa kinamuuma. Kichwa gani hicho kinachosubiri kutajiwa uani ndipo kiume? Fundi alijua ni woga. Naye mwenyewe aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, maana kila alipomsaidia kuvaa alilisikia lile goti likimkatalia.

"Tumwage zege tu, yaishe," alisema wifi yake, dada wa Dereva, aliyekaa nyumba ya pili na kuja kila siku kukagua kazi za watu.

"Na akianguka kwenye zege je?"

Wifi akaenda jikoni kukagua sufuria.

Kuanzia hapo Fundi akawa anatembea macho chini, anachunguza nyasi za watu. Alisimama kwenye bustani ya benki mpaka mlinzi akamjia. Ila jibu alilikuta kwenye kiwanja cha mpira cha shule, pale golini hasa, mahali panapokanyagwa kuliko pote: palikuwa na jani jembamba, gumu, limelala chini na halina habari na mtu. Akachutama kulipapasa, mechi ikiendelea.

"Mama, umedondosha nini?" akauliza golikipa.

"Sijadondosha. Hizi ni nyasi gani?"

"Za kiwanjani," alisema golikipa, na pale pale akafungwa goli.

Mtunza kiwanja ndiye aliyemwambia kwamba ule ni ukoka, na akampa gunia zima, pengine ili mechi ziendelee kwa amani. Akamweleza kwamba ukoka ni wa jua na joto; miezi ya baridi utageuka rangi ya kahawia kama umekufa, asiung'oe, umelala tu. Apande joto linapoanza. Na joto ndiyo kwanza lilikuwa linaanza.

Fundi akang'oa nyasi za zamani, akatifua udongo ulioshindiliwa, akachanganya samadi, akasawazisha kwa ubao. Ukoka akaukata vipande vya ukubwa wa kiganja na kuvipanda kwa mistari, ameacha nafasi katikati ili vitambae vikutane. Mistari ilinyooka kama pindo la sketi ya sare. Halafu akazungushia kamba na kumpa Dereva amri: asikanyage mpaka ushike, kwa sasa atembee ukumbini. Dereva akautazama ukumbi ule mwembamba, akasema hata basi lisingegeuka humo.

Ukoka ukashika vizuri, kisha ukagoma. Kila kipande kilikuwa kibichi na kizima, lakini hakikutoka pale kilipowekwa. Wiki zikapita. Fundi akabadilisha saa za kumwagilia, akachimbua kutafuta wadudu, akaenda tena kiwanjani kuuchungulia ukoka wa watu. Usingizi ukampaa. Kila jioni akifunga duka alipita uani na mkasi wake kuviweka vipande sawa, akikata nyuzi zote zilizochomoza pembeni, kwa sababu mtu aliyeshona miaka yote ile hawezi kuona uzi unaning'inia akauacha. Wifi alikuwa akimsifu kwa usafi huo. Hakuna aliyewaza zaidi.

Jumapili moja, akipekua nyuma ya tangi la maji, akaona kitu. Kando ya ukuta, mahali ambapo mkasi wake haukuwahi kufika, palikuwa na mkanda wa kijani uliofunga kabisa, haukuwa na pengo. Akapiga magoti. Nyuzi za ukoka zilikuwa zimekandamizwa kwenye udongo, na kila kifundo cha uzi kimetoa mizizi yake na jani lake. Akayarudisha macho kwenye mkasi uliokuwa mkononi. Kumbe alikuwa akiukata ukoka miguu kila jioni, halafu anauliza kwa nini hautembei.

Lakini hizi za ukutani nani alizikandamiza? Pembeni ya mkanda ule kulikuwa na mchirizi mwembamba ardhini, unakatika, unaanza, unakatika tena.

"Wifi," aliita.

"Usiniangalie mimi," alisema wifi kutoka mlangoni. "Muulize mwenye mguu wake. Mimi nilikuwa namshika mkono tu, nawe ukiwa dukani."

Dereva akatokea nyuma yake, ameegemea fimbo, uso wa mtu aliyekamatwa na leseni iliyopitwa na wakati. "Ule ukumbi ulikuwa unaniua," alisema. "Nikasema huku kumetifuliwa, hata nikianguka naangukia godoro. Nilijua nakuharibia. Ila ningekuomba, ungekataa."

Fundi alibaki pale chini. Maswali yote aliyouliza wiki zile aliyaelekeza kwa nyasi, mtunza kiwanja, udongo na wadudu. Mumewe alikuwa ameacha kulalamikia kichwa, tena jioni alikuwa anakula kama zamani, na yeye hakumuuliza hata mara moja mguu unaendeleaje, kwa kuogopa atakachojibiwa. Machozi yakamtoka, naye hakujisumbua kuyaficha. Alisimama, akafungua kamba, akaikunja, akampa wifi pamoja na mkasi.

"Mguu unaendeleaje?" akauliza.

Dereva akatoka mlangoni. Akaupita ukuta bila kuushika, akaingia katikati ya uani ambako mistari ilikuwa imejitenga na nyuzi mpya zimeanza kuchomoza, akaenda taratibu, ncha ya kiatu ikizikandamiza moja baada ya nyingine. Alipofika upande wa pili akageuka peke yake na kuanza kurudi.