Fundi Saa na Teksi ya Saa Kumi na Moja

Madereva walimwita Shangazi Vifungo. Kazi yake ilikuwa kuwapanga abiria wanne wanne katika teksi za pamoja, maana foleni za mji ule hazikuwa na mwisho. Mteja alipiga simu, naye akachomeka kwa pini vifungo viwili vya shati kwenye ramani ya ukutani, pale mtu anapopandia na pale anaposhukia. Kwa miaka kumi na mmoja hakumwacha abiria hata mmoja kwenye mataa. Mwenyewe, masikini, hakuwa na pa kwenda. Chumba chake kilikuwa juu ya ofisi.

Ijumaa hiyo ilikuwa siku yake ya mwisho kupokea simu. Jumatatu wateja wangeanza kujipangia kwa kubonyeza simu zao. Hilo lilimuuma kwa sababu moja tu, wala asitudanganye: fundi saa. Hakuwahi kumwona, lakini sauti yake ya saa kumi jioni, akiagiza teksi ya saa kumi na moja, ilimfanya ajitengeneze nywele mbele ya simu. Alichomoa vifungo vya watu wote. Alipofika kwa vya fundi, akainama kuvitazama. Viwili hivyo vilikuwa vimegusana. Mwaka mzima alikuwa akitazama barabara za magari, zinazozunguka mji mzima, hakuwahi kuitazama njia ya miguu.

Simu ikalia.

"Fundi," akasema, "kati ya dukani kwako na nyumbani kwako pana nini?"

"Ukuta."

"Ukuta mtupu?"

"Na mlango."

"Kwa hiyo kila siku unakaa saa nzima kwenye foleni, wewe, fundi saa mzima?"

"Ndiyo, maana nikipiga simu kuagiza teksi unaniuliza nimeshindaje, na kama nataka kukaa dirishani. Nyumbani kuna saa za ukutani tu, na hizo haziulizi."

Shangazi Vifungo akamwambia teksi inakuja, akakata simu, akakaa chini. Akasimama. Akacheka peke yake kama aliyetekenywa, mtu mzima wa miaka arobaini na minne. Kisha akampigia dereva aitwaye Kobe.

"Kobe, ukishamchukua fundi saa, pita hapa ofisini. Kuna abiria mwingine."

"Nani tena?"

"Mimi."

Kobe akakohoa. "Unashukia wapi, Shangazi?"

Akachomoa vile viwili vya fundi, akaitazama ramani, nyeupe, haina kifungo hata kimoja.

"Sijapanga," akasema. "Wewe zunguka tu."