Sauti ngeni kwenye kamera ya bibi

Jua la asubuhi limeshaingia sebuleni. Fundi yuko juu ya ngazi, skrubu mbili amezibana kwa midomo, mkononi ameshika kamera ndogo inayotosha kiganjani. Chini yake mume na mke, wenye nyumba, wameinua shingo. Runinga waliyoinunua jana bado imevaa nailoni yake.

Anakaza skrubu ya mwisho, anashuka, anampa mke simu. Kisha anafanya jambo linalomchekesha mume: anawapa mgongo na kusimama akitazama ukuta, kama mtoto aliyepewa adhabu shuleni.

"Andika neno lako la siri," anasema bila kugeuka. "Usinitajie. Na wewe shemeji, usimsaidie kwa sauti."

Mume anauliza itakuwaje wakilisahau. Fundi anamwambia wamwite, atapanda ngazi upya na kazi itaanza moja. Mume anasema fundi wa kwa dada yake hana mambo mengi kama hayo, neno analiweka mwenyewe, anafunga mkoba wake na kuondoka. Anacheka tena. Fundi hacheki.

"Hata mimi nilikuwa fundi wa namna hiyo," anajibu, bado anatazama ukuta.

Mtaani wanamwita Jicho. Ni mama wa watoto watatu, amevuka arobaini, na umeme umempiga mara nyingi kiasi kwamba anausimulia kama jirani mkorofi. Kazi alifundishwa na mjomba wake enzi za runinga zenye kichogo, zile ambazo zikigoma ulizipiga kofi la ubavuni zikashika adabu. Zilipokuja za bapa, mambo yakageuka. Hizi ukizipiga kofi zinakufa, anasema, na zikifa watu hununua nyingine. Kibanda cha mjomba kikakosa wateja, kikafungwa.

Jicho hakukaa kulia. Akaanza kuwasindikiza watu dukani kuwasaidia kuchagua, na somo lake la kwanza halijabadilika mpaka leo.

"Usichague runinga kwa macho ya dukani," anasema. "Pale wameziwasha mwanga mpaka mwisho, kila moja inang'aa kama bibi harusi. Nenda kwanza kapime kutoka kwenye kiti chako mpaka ukutani, halafu ndiyo uje tuongee inchi."

Baada ya runinga zikaja kamera. Watu wanatoka asubuhi wanarudi jioni, nyuma wameacha wagonjwa, watoto na mageti, na wote wanataka kuchungulia. Jicho amefunga kamera katika nyumba zaidi ya mia moja. Alizinunua kwa katoni ili ziwe nafuu, na kamera za katoni moja zina namba zinazofuatana. Mwenye kamera huingiza namba hiyo na neno la siri kwenye simu yake, au kwenye runinga yake ikiwa ni ya kisasa, na hapo anaona.

Tatizo lilikuwa neno la siri. Wateja walilisahau kama wanavyosahau miavuli. Mtu aliweka jina la mpenzi, wakagombana, akalibadilisha kwa hasira, asubuhi halikumbuki. Kila mmoja alimpigia Jicho, na kila simu ilikuwa ngazi na nauli. Mwishowe akaona njia ya mkato: nyumba zote akaziwekea neno moja. Aliyesahau alipiga simu, akatajiwa, mambo yakaisha.

"Nilijiona nawafanyia wema," anasema. "Kumbe najichimbia kaburi, na wateja wangu nawalaza humo humo."

Aliyelifunua kaburi hilo alikuwa msusi mmoja. Mama yake, bibi wa miaka sabini na kitu, alivunjika nyonga na kulazwa kitandani. Msusi hana ndugu wa kupokezana naye. Akikaa nyumbani hawali, akienda saluni mama yuko peke yake, isipokuwa jirani anayepita na chakula cha mchana. Jicho akamfungia kamera inayoona na kusema, ili akiwa kazini aweze kumtazama mama na hata kumsemesha.

Siku moja maji yalikatika saluni, msusi akarudi nyumbani mchana. Alipofika ukumbini alisikia mama yake anaongea. Alidhani jirani amekuja. Kisha ikajibu sauti ya mwanamume, nzito, ya taratibu, ikimwambia mama asisahau kidonge cha mchana. Na mama yake akajibu kwamba ameshameza, je, yeye huyo amekula?

Msusi aliingia jikoni, akachukua mchi wa kinu, akasukuma mlango wa chumba. Hapakuwa na mtu. Alikuwepo mama kitandani, na ukutani kamera yenye taa yake ndogo ya buluu.

Jicho alipoitwa alikuta mchi bado uko mkononi. Aliambiwa kuna mwanamume ndani ya kamera yake, naye, kwa aibu anakiri, alitabasamu. Akawaza labda ni redio ya jirani. Alianza kueleza jinsi sauti inavyoweza kupenya dirishani, na hapo hapo ukuta ukasema.

"Mama, leo una wageni?"

Jicho anaposimulia sehemu hii anaacha kazi aliyoishika. Msusi alipiga yowe. Jicho alirukia waya wa kamera akaung'oa na kipande cha rangi ya ukuta.

Jicho akaketi sakafuni na simu yake, akaingiza namba ya kamera ile ile ya bibi, ila tarakimu ya mwisho akaibadilisha. Akaandika lile neno lake moja. Kioo kikafunguka: sebule ya mteja wake mwingine, baba mzima amelala kwenye kochi tumbo wazi, mdomo wazi. Akabadilisha tarakimu tena. Mtoto wa kike mezani anaandika, anajikuna kichwa, hajui kuna mtu. Jicho aliitupa simu kitandani kana kwamba imemuunguza.

"Niliogopa mikono yangu mwenyewe," anasema. "Nyumba za watu mia nimezifunga kwa ufunguo mmoja, na ufunguo nimeuning'iniza mlangoni. Kikulacho ki nguoni mwako, basi mimi ndiye niliyekuwa nguoni."

Wakati huo hakuna aliyemtazama bibi. Walipomgeukia walimkuta amekasirika, na hasira yake haikuwa ya mtu aliyetishwa. Aliuliza kwa nini wamemkata mzee wa watu katikati ya mazungumzo. Bibi akasema yule ni mstaafu wa reli, mjane, macho yake mabovu, na wanazungumza kila mchana tangu mvua zilipoanza.

Jicho hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mstaafu wa reli mwenye macho mabovu alikuwa mteja wake. Runinga yake, inchi hamsini na tano, walikwenda kuichagua pamoja. Ilikuwa kubwa kupita kipimo cha sebule, lakini bila ukubwa huo asingeona kitu. Kamera ya getini kwake Jicho aliiunganisha na runinga hiyo, ili mzee amwone anayegonga bila kuhangaika na simu. Na kamera ya geti na kamera ya bibi zilitoka katoni moja, namba zao zimepishana kwa moja.

Alikwenda kwa mzee siku hiyo hiyo, akamkuta amekaa mbele ya kioo cheusi cha runinga, rimoti mkononi. Hata salamu hakumaliza kuipokea.

"Binti, afadhali umekuja," mzee alisema. "Picha imekatika ghafla. Nenda kamwangalie yule mama, nahofia ameanguka."

Ilikuwa hivi: siku moja umeme ulikatika na kurudi, runinga ikamtaka aingize upya namba ya kamera na lile neno moja la siri. Aliikosea tarakimu ya mwisho kwa macho yake yale. Badala ya geti akaona chumba, na bibi anajinyoosha kufikia kikombe asikifikie, blanketi limeanguka. Rimoti za siku hizi zina kipaza sauti. Akabonyeza, akamwambia bibi kikombe atakivuta kwa fimbo iliyo pembeni ya kitanda.

Jicho alimfokea mtu wa umri wa baba yake. Alimkumbusha kwamba kile ni chumba ambamo mtu anavuliwa nguo na kuogeshwa.

"Wakati wa kuogeshwa nilikuwa nageuza kiti," mzee alisema. "Lakini mtu ukimwona anahangaika, utanyamaza?"

Je, Jicho alimwamini? Anasema kiti cha mzee kweli kilikuwa cha kuzunguka. Zaidi ya hapo hajui, na kutokujua huko kunamnyima usingizi mpaka leo.

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na Jicho akaamua kutoficha. Alianza kupita mlango kwa mlango, ngazi begani, akiwaambia wateja wake jambo ambalo hakuna fundi anayependa kulitamka: kamera yako niliiacha wazi, naomba niifunge. Msusi mwenyewe alikuwa wa kwanza kumtangaza saluni, na saluni haihitaji gazeti. Wapo waliomfukuza. Mwanamke mmoja aliichomoa kamera na kuitumbukiza kwenye ndoo ya maji mbele yake. Kwa miezi miwili kazi zake zilipungua zaidi ya nusu, na nyumbani mlo wa mchana ukawa hadithi.

Hata hivyo hao hawakumshtua. Waliomshtua ni wengi walioinua mabega. Walimwambia wao hawana cha kuficha, aende akalale na neno lake. Baba yule wa kochi alipoambiwa ameonekana tumbo wazi, alitaka kujua kama picha ilikuwa safi.

Pigo la mwisho lilitoka kitandani kwa bibi. Jicho alirudi kurudisha kamera, safari hii kwa neno la msusi peke yake. Alipanda ngazi. Bibi akamwambia ashuke.

"Mwanangu, ulipolitundika hilo dude mara ya kwanza, nani aliniuliza mimi?" bibi alisema. "Mnaniona mkitaka, mimi siwaoni. Huyu binti yangu ananitazama kutwa nzima, hanisemeshi neno. Yule mzee mliyemkata maneno ndiye pekee aliyeniuliza nimeamkaje."

Msusi alisema kwa sauti ndogo kwamba kila akipata nafasi kati ya kichwa na kichwa humfungua mama kwenye simu amwone. Bibi akamjibu kwamba hilo analijua, taa ya buluu huongezeka mwanga. Ila mtu hashibi kwa kutazamwa. Kuhusu mstaafu, alisema naye kakosea: akitaka kumjulia hali aje mlangoni abishe hodi kama watu. Msusi akaapa kwamba hilo halitatokea akiwa hai.

Jicho alishuka, akaegemea ngazi yake. Katika nyumba zote zile, anasema, alimuuliza mwenye kulipa anataka kuona nini. Hata mara moja hakumuuliza anayeonwa. Alitoka, akarudi na kipande cha kitambaa cheusi alichomwomba fundi cherehani akikunje pindo. Akaifunga kamera, akakitundika mbele yake kama pazia, na kamba yake akaivuta mpaka kwenye kitanda, mkono wa bibi unapofika. Akivuta, pazia linafunga, akiachia, linafunguka.

Sasa vitambaa vya namna hiyo vimo katika mkoba wake kila siku, pamoja na drili. Mwanamke wa nyumba hii ya asubuhi anakigeuza geuza kimoja mkononi, anauliza ni cha nini. Jicho anamuuliza kamera itamtazama nani. Ni mtoto na yaya wake. Basi yaya aitwe, anasema, aoneshwe kamba.

Mpango wake ni kukifungua tena kibanda cha mjomba. Hataki kuuza humo. Anataka watu waje kabla hawajanunua, waguse, waulize, wajifunze kuchagua na kutumia, na wajue kuzima. Mafundi wenzake wanamwambia anafukuza riziki. Yeye anasema ameshaona riziki ikimfukuza yeye.

Simu yake inaita akiwa anakunja ngazi. Ni msusi. Sauti iko juu, hata mume wa nyumba anasikia: kamera imeharibika, anaona giza tupu, fundi aende haraka.

"Haijaharibika," Jicho anamwambia. "Mama amefunga. Mpigie umuulize."

Anaendelea kukunja ngazi. Dakika chache baadaye simu inaita tena, na sasa msusi anaongea taratibu, kama mtu aliyeketi ghafla. Anasema jirani wa chakula yuko pale, ndiye aliyefungua mlango. Anasema kumbe mama alishamwelekeza yule mzee njia ya nyumbani tangu siku nyingi. Jicho anaiachia ngazi, inagonga sakafu, na mwenye nyumba anaruka pembeni.

"Sasa mama anasemaje?" anauliza.

"Anasema amefunga kwa sababu ana mgeni," msusi anajibu. "Anasema safari hii amebisha hodi."