Sura ya Mwisho Ilipaa na Tiara

Enzi zetu, na ninyi mliosoma mkibanana wanne dawati moja mtanielewa, kitabu kilikuwa kimoja darasa zima. Hadithi ya zamani, ya kijana aliyeaga kwao akaenda kutafuta maisha ng'ambo. Mwalimu wetu, mama mmoja mwenye kofi zito, alikuwa akisema, "Asiyekijua hiki kitabu, shuleni alifuata uji tu." Ili tukisome wote akakikata kwa wembe vipande sita, akavishona kwa uzi wa gunia, kila dawati kipande chake. Ijumaa mnabadilishana. Vyote vilinuka mafuta ya taa na maandazi.

Kipande cha mwisho kilipofika kwetu, nikaona karatasi zake nyepesi, safi. Nikatengeneza tiara. Wallahi ilipaa! Uzi ukakatika, ikaenda zake na mwisho wa hadithi, hata mimi mwenyewe sijausoma.

Mwalimu hakunichapa. Akanisimamisha mbele. "Haya, rubani, tumalizie." Basi kila Ijumaa nikabuni mwisho mpya. Leo kijana kaoa binti wa sultani, wiki ijayo kanunua ndege, nyingine kawa mfalme huko huko. Wenzangu wanacheka mpaka madawati yanalia. "Ikawaje? Ikawaje?" Nikamaliza la saba, shule yangu ikaishia hapo.

Sasa niko Muhaisnah, huku ng'ambo kwa Waarabu, chumba cha watu sita, kila mtu kageukia ukuta na simu yake. Nikitania, nacheka mwenyewe. Asubuhi basi la kampuni, yalla yalla, khalas, siku imeisha. Jumapili nikampigia mpwa wangu Neema, yuko la sita. Kumbe kitabu kile wanacho, kila mtoto na chake, kipya!

"Neema mama, nisomee sura ya mwisho."

"Mjomba nawe! Nani asome chote hicho? Sisi tunasoma muhtasari."

"Haya, huo muhtasari unasemaje?"

"Kijana alirudi kwao, akamkuta mama yake bado anamwekea chakula. Basi."

Watoto wa siku hizi! Kitabu kizima mkononi, wao wanalamba kifuniko. Sisi tulikuwa na kitabu kilichokatwakatwa na darasa zima linalouliza ikawaje. Leo simu yangu inabeba vitabu vyote, na haulizi mtu ikawaje.

Na katika miisho yote ile niliyobuni, hata Ijumaa moja sikumrudisha yule kijana kwao.